Pedali Bubu ya Mama Tekla

Wewe kijana uliyeshika drili, iweke chini kwanza. Nataka kusema nawe, na sitasema kwa upole. Miaka yote niliyotengeneza magari hapa Morogoro watu walinisifu kwa ulimi mtamu, lakini ulimi huo niliuacha gereji siku niliyostaafu. Nilichotoka nacho ni hasira, na hasira yenyewe inatokana na kipande cha bati ambacho kingetosha tu kufunikia sufuria ya uji.

Kipande hicho ni pedali ya kupumzishia mguu. Hukaa kushoto kabisa, ubavuni mwa klachi. Sisi tuliiita pedali bubu, kwa sababu ukiikanyaga gari halijibu kitu: haliendi, halisimami, halibadili gia. Kazi yake ni kuupa mguu wa kushoto mahali pa kukaa wakati hauna shughuli. Magari mengi ya siku hizi yanakuja nayo, ndiyo maana hamuijali. Aliyezaliwa kwenye nyumba yenye bomba hajui shida ya kisima.

Magari ya zamani mengi hayakuwa nayo. Chukua yale madogo ya michezo, ya viti viwili, yaliyokaa chini mno hata dereva utadhani ameketi mkekani. Miguu unaitumbukiza kwenye shimo jembamba, giaboksi inakubana upande mmoja, mlango unakubana upande wa pili. Mguu wa kushoto ukishamaliza klachi hauna pa kwenda. Unaning'inia. Ukichoka unajiegesha palepale juu ya klachi, kidogo tu, na hiyo kidogo tu ndiyo inayoua gari. Beringi ya klachi inazunguka bila kupumzika, diski yake inateleza hadi inaungua, kisha siku moja uko mlimani, injini inalia kama mbuzi wa sikukuu na gari halisogei.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Pazi, fundi mkuu wa karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Ngerengere. Alikuwa Mluguru mfupi mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kumpiga mtu. Adhabu zake zilikuwa mbaya kuliko kipigo. Pale shambani kulikuwa na dereva wa lori ambaye mguu ulikuwa unamuuma, akajitafutia kigogo cha mti akakiweka kushoto mwa klachi awe anakanyagia. Alijisifu wiki nzima. Siku moja akiwa anarudi na shehena ya mkonge, lori likapita kwenye shimo, kigogo kikabingirika kikaingia chini ya breki. Akakanyaga breki, breki ikagoma kushuka. Lori lilivunja uzio wa jiko la wafanyakazi likasimama pua yake ikiwa imegusa sufuria ya ugali. Kwa rehema tu hakuumia mtu, ila siku ile tulikula maharage matupu.

Mzee Pazi alifika pale. Alichukua kile kigogo, akakipasua kwa shoka, akakoka moto, akachemsha chai. Akamwita yule dereva, akampa kikombe.

"Kunywa, bwana mdogo," alimwambia. "Kazi ya kigogo ilikuwa hii tangu mwanzo."

Dereva alikunywa huku tumemzunguka, na hakuna aliyecheka mpaka alipoondoka. Halafu Mzee Pazi akatugeukia sisi: "Kitu kinachokaa karibu na miguu ya dereva, ama kiwe sehemu ya gari, ama kisiwepo kabisa."

Basi ninyi mngekuwa mnasikia maneno kama hayo na kuyashika, nisingekuwa na sababu ya kuandika. Sasa nawaambia ya Mama Tekla.

Mama Tekla ni mkunga mstaafu wa hapa Kihonda. Kuna watu wazima wenye ndevu wanaompisha njia kwa sababu mikono iliyowapokea duniani ni yake. Mumewe, marehemu Severini, alikuwa karani wa shamba la mkonge, na meneja mmoja alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia gari lake la michezo, la kijani, paa lake turubai. Severini alilipenda gari lile kupita kiasi. Alipofariki, watu walidhani mjane ataliuza. Mama Tekla akaenda kujifunza kuendesha. Kila baada ya muda utamwona amejifunga kitenge kichwani, amekunja paa, anapanda milima ya Uluguru kwenda Kiroka, ambako ana migomba yake na dada yake. Watoto wa barabarani wanalijua gari kabla halijatokea.

Gari hilo nililihudumia mimi kwa miaka mingi. Kisha nyonga ya kushoto ya mama ikaanza kumsumbua. Hakuweza tena kuuning'iniza mguu, akawa anauegesha kwenye klachi, na klachi ikaungua. Tukaweka mpya, nayo ikaanza kunuka. Akanijia nyumbani, mimi nikiwa nimeshastaafu.

"Fundi," akasema, "daktari kaniambia niache kuendesha. Nimekuja kukuuliza wewe, maana yeye hajawahi kuingia kwenye gari langu."

"Huhitaji kuacha," nikamjibu. "Unahitaji pa kuwekea mguu."

Mikono yangu siku hizi inatetemeka, siwezi kushika drili wala kuchomelea. Lakini kupima naweza. Nilimketisha kwenye kiti chake, akiwa amevaa viatu anavyoendeshea, siyo ndala. Hilo mlishike. Usipime mguu mtupu, usipime mguu wako wewe, na usipime kwa macho. Nilikata boksi la sabuni, nikalikunja, nikaliweka ubavuni mwa giaboksi, nikamwambia alikanyage. Tulipandisha, tukashusha, tukalilaza kidogo, mpaka akafumba macho akasema hapo nyonga haidai kitu. Uso wa pedali bubu unatakiwa ulingane na klachi ikiwa juu, au uwe nyuma yake kidogo, ili mguu uhame kwa kuteleza, usiinuke. Kati yake na klachi kiatu kipite bila kukwama. Pembe zote ziwe za mviringo. Kisha iwe na miguu ya chuma iliyofungwa kwa boliti zinazopenya sakafu, na chini ya sakafu kuwe na bati nene la kuzipokea, maana siku ya hatari dereva anaikanyaga kwa uzito wake wote.

Lile boksi nililipeleka kwa Chande.

Chande tulifanya kazi naye bega kwa bega miaka mingi, yeye akiwa nyuma yangu kwa umri. Ana gereji yake hapahapa Kihonda, na mkono wake wa kuchomelea sijauona mwingine mzuri kama huo. Ndiyo sababu nina hasira. Angekuwa mbabaishaji ningesema sawa, hakujua. Nilimwonesha boksi, nikamwonesha pa kufunga, nikamwambia kwa mdomo wangu: "Chini hapa linapita bomba la breki za nyuma. Lihamishe kwanza, ndipo utoboe."

"Kaka Shabani," akanijibu akicheka, "mimi na wewe nani kamfundisha mwenzake bomba za breki?"

Nikaondoka nimetulia. Mama Tekla alipokwenda kuchukua gari alikuta pedali inang'aa, ina raba nyeusi yenye mistari, nzuri kuiangalia. Alinipigia simu kuniambia nyonga haimuumi tena. Alifurahi, na mimi nikafurahi.

Sasa sikilizeni kilichokuwa chini ya ile raba. Hakuhamisha bomba. Hakuweka boliti wala bati la chini. Kuhamisha bomba kungemlazimu atoe kiti, alegeze bomba, akaze upya, kisha atoe hewa kwenye breki zote. Alichofanya ni kutoboa kwa juu na kufunga kwa skrubu za bati, zile nyembamba zenye ncha kali. Ncha mojawapo ikatokea chini na kuligusa bomba. Kila mama alipokanyaga pedali bubu, sakafu ilibonyea kidogo na ncha ikalikwaruza bomba. Mguu ukipumzika, ncha inakwaruza. Mguu ukipumzika tena, inakwaruza tena.

Na magari yale ya zamani bomba zote za breki zinakunywa kisima kimoja cha mafuta ya breki. Ukitoboa popote, mafuta yanavuja na magurudumu yote yanabaki hayana breki.

Ilikuwa mchana, anatoka Kiroka, kiti cha pembeni kimejaa ndizi. Kwenye mteremko wa kurudi mjini alikanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini. Akapampu, hakuna kitu. Mwenyewe alinisimulia hivi:

"Niliingiza gia ndogo, gari likanguruma, likapungua kidogo. Nikavuta handbreki, ikashika upande. Mbele kuna kona, na kwenye kona upande wa kushoto wamekaa kina mama na vikapu vyao vya matunda. Kulia ni ukuta wa mlima. Sikuwa na la kuchagua, Fundi. Wale kina mama nusu yao niliwazalisha."

Aligonga mlima. Gari lilikunjika pua, na mguu wake wa kulia, ule mzima, ulibanwa kwenye pedali ukavunjika kifundo. Wale kina mama ndio waliomtoa. Mmoja alivua khanga yake akamfunga.

Nilipopata habari nilikwenda kwanza hospitali, nikamkuta amelewa dawa, akinong'ona kwamba gari la Severini limemgeuka na atalitupa. Kutoka hapo nikaenda kwa Chande, maana gari lilivutwa hadi kwake. Nilimkuta ameshafungua pedali bubu. Ilikuwa juu ya meza, na skrubu hazionekani.

"Poleni," akasema. "Hizi breki za zamani ndivyo zilivyo. Bomba limeoza. Ni mipango ya Mungu, kaka."

Nilitandika gunia nikalala chini ya gari, na magoti yangu haya mnayajua. Bomba halikuwa limeoza. Lilikuwa na mkwaruzo mmoja unaong'aa, mrefu kama punje ya mchele, na katikati yake tundu. Juu yake kwenye sakafu kulikuwa na tundu la skrubu, limeelekeana nalo sawasawa. Nikatoka, nikajipangusa vumbi.

"Chande," nikamwambia, "Mungu hakushika drili."

Akaangalia pembeni. "Yaishe, kaka. Mama ni mzima. Gari nitalinyoosha."

"Utamwambia mwenyewe ulichofanya, au nitamwambia mimi. Chagua."

Hapo ndipo nilipojua hasira ni nini. Maana kabla ya jua kuzama walikuja kwangu mafundi wenzetu wa Kihonda, watu wazima ninaowaheshimu, wakakaa barazani, wakanywa maji, wakaniomba ninyamaze. Fundi mmoja wa bodi, ambaye amekuwa rafiki yangu tangu ujana, ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Bwana Shabani, aibu ya Chande ni aibu yetu sote. Tukimvua nguo yeye, nani ataleta gari huku? Tusitiriane."

"Mnamsitiri nani?" nikauliza. "Mama wa watu kalala na mguu uliovunjika, anaamini gari la marehemu mumewe ndilo lililomgeuka. Amesema atalitupa. Hilo nalo tulisitiri?"

"Ajali ni ajali."

"Tairi likipasuka kwa msumari wa njiani, hiyo ni ajali. Fundi akiliona bomba kisha akatoboa, tafuteni jina lingine."

Waliondoka bila kuaga vizuri. Wapo ambao hadi leo tukikutana msikitini salamu zetu ni fupi. Nami nawaambia vijana, wakija kwenu na maneno hayo ya kusitiriana, muwasikilize kwa adabu, kisha mfanye kinachotakiwa.

Chande alikuja hospitali. Sikumtegemea, lakini alikuja, na mimi nilikuwepo. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo, mama."

Mama Tekla hakusema marahaba. Wauguzi wawili waliokuwa wanapita waligeuka kumtazama, kwa maana si mtu wa kunyima salamu. Akasema, "Sema ulichokuja kusema."

"Nilijua bomba linapita pale."

"Ulijua."

"Nilijua, mama. Nilifikiri skrubu fupi hazitalifikia. Zile fupi zilikuwa zimekwisha, nikatumia zilizokuwepo."

"Ulipomaliza kuzifunga, ulilala chini ukaangalia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshanawa mikono."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia visingizio vya kila aina, vya vipuri bandia, vya umeme kukatika, vya wake kuugua. Sijawahi kusikia jibu lililonichoma kama lile, kwa kuwa halikuwa kisingizio. Lilikuwa kweli tupu. Mguu wa mwanamke yule ulivunjika kwa sababu mtu aliona uvivu kuchafua mikono mara ya pili.

Mama Tekla alimwangalia mikono. "Toka," akamwambia. "Nitakuita nikiweza kusimama."

Kifundo kilipona kwa kuchelewa, kimepinda kidogo, anatembea na fimbo. Nami nilikuwa nimeshamtafutia fundi mwingine wa kulifufua gari, mtu mzuri wa mjini. Mama akakataa.

"Atafanya Chande."

Nilidhani dawa za hospitali bado ziko kichwani. "Mama Tekla, mtu yule angekuua."

"Ndiyo. Sasa wewe unataka fundi mpya aje kujifunzia kwenye mguu wangu? Huyu ameshajifunza. Na utakaa palepale na mimi nitakaa palepale."

Nilikasirika. Nilitaka achomewe vifaa vyake, nilitaka afunge gereji aende akalime. Lakini mguu haukuwa wangu.

Basi tukakaa, viti viwili mlangoni mwa gereji, na Chande akafanya kazi mbele yetu. Aliinyoosha pua ya gari, siyahesabu hayo. Ninayotaka mjue ni ya pedali. Alitoa kiti, akakunja zulia. Alikata sehemu ya sakafu iliyochoka akachomelea bati jipya. Alitoa bomba zote za breki akaweka mpya, akalihamishia lile la nyuma upande wa pili, akalibana kwa vibanio vyenye raba lisicheze. Alipotaka kutoboa, aliweka alama kwa juu, akalala chini, akapapasa kwa mkono kila alama, akatoka, ndipo akawasha drili. Kabla ya kuweka alama hizo alirudisha kiti kwa muda, akamketisha Mama Tekla. Akampima upya, kwa boksi jipya, kwa sababu kifundo kilichopinda kimebadilisha namna anavyokaa na mguu wa kushoto nao umehama. Hata mimi hilo sikulifikiria. Mama alilisema mwenyewe.

Chini akaweka bati nene, juu boliti, na nati zisizojilegeza. Kisha akasimama ndani ya gari kwa mguu mmoja juu ya pedali bubu, mwanamume mzima mwenye kitambi, akaruka. Haikutikisika. Siku zote hizo sikumsemesha zaidi ya "lete" na "geuza".

Gari lilipokuwa tayari, mama alimwambia Chande apande kiti cha pembeni.

"Twende wapi, mama?"

"Kiroka."

Gari lina viti viwili tu, kwa hiyo mimi nilipanda pikipiki hadi Bigwa, pale mteremko unapoishia, nikasimama kando ya barabara kuwasubiri. Nilikaa sana. Nilimfikiria Chande kwenye kile kiti, anaushuka mlima, anauangalia mguu wa kulia wa yule mama unavyokanyaga breki kwenye kila kona. Sikumwonea huruma.

Wakatokea, polepole, paa limekunjwa. Mama akaegesha vizuri. Chande alishuka, uso umempauka, na kabla mtu hajasema kitu akalala kifudifudi kwenye vumbi la barabara, akajisukuma chini ya gari. Wapita njia walisimama. Akatoka na kidole amekiinua.

"Kavu, mama," akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia yeye.

Mama Tekla akatikisa kichwa kukubali. "Panda. Tunarudi juu, nimeziacha ndizi zangu kwa dada."

Chande akanigeukia akiwa anazunguka gari. "Kaka, bado una hasira?"

"Ninayo."

"Mpaka lini?"

"Panda gari. Mama anakusubiri."

Waliondoka. Nilisimama palepale nikisikiliza, maana sikio langu halijastaafu. Gari lilianza mlima kwa gia ya kwanza, ikaja ya pili. Kwenye kona ya juu nikasikia ya tatu ikiingia bila kukwaruza, klachi ikashika mara moja, injini ikatulia na kuvuta. Mguu ulikuwa umeshatoka kwenye klachi, umepata pa kukaa.